Kopo la Raba Mbili

Wodi ya Wanaume, Chumba cha Nne
Alhamisi asubuhi

Mdogo wangu Shoto,

Shikamoo uliyoniachia kwa muuguzi Jumapili, baada ya kuniona nimesinzia, ilinifikia. Marahaba, tena marahaba. Goti lako linaendeleaje? Naomba zile ngazi za ghorofa zisiwe zinakuonea sana, na binti yako awe ameshapona mafua. Mimi bado nipo. Kifua kinalia kama mlango wenye bawaba kavu, na miguu imevimba hadi viatu vyangu wamevihifadhi kabatini kama kumbukumbu. Daktari amesema kesho saa tatu asubuhi wananifungua. Nilipomuuliza nafasi yangu ikoje alijibu ni nusu kwa nusu. Akaongeza kwamba nusu si haba. Nimesahihisha mitihani miaka thelathini na minne, mdogo wangu. Najua nusu ni alama gani.

Muuguzi aliyekukabidhi bahasha hii ameandamana na mtu ambaye nimemwomba abaki chini, kwenye benchi la lango. Tafadhali usichungulie dirishani kwanza. Kaa, vaa miwani, soma hadi mwisho. Ukichungulia sasa utakasirika, na ukishakasirika husomi wala husikii. Nakujua tangu ukiwa na meno mawili.

Utaona mwandiko unapanda na kushuka. Muuguzi alijitolea kuniandikia nikakataa, na ukifika mbele utaelewa kwa nini.

Jumapili ulikuja na furaha ya mkutano wa keshokutwa. Ulinieleza ukumbi wa klabu yetu ya mpira wa meza umepakwa rangi, meza sita mpya zimefika, na wewe mwenyekiti ndiwe utakayeongoza kikao. Ukanieleza pia kero yako kuhusu vijana wa siku hizi: wanacheza, wanatupa raketi kwenye begi pamoja na taulo lenye jasho, begi linashinda ndani ya gari juani, na baada ya miezi miwili raba ya uso wa raketi imekauka, haishiki mpira. Nilicheka uliposema wanazitunza raba kama kandambili. Kisha ukasema kamati imependekeza atafutwe mtu wa kukaa stoo na kuwafundisha kutunza vifaa, na jina lililopendekezwa na wazee wote wa klabu ni moja. Hukulitaja. Ulisema tu, “Yule.”

Nikauliza utafanya nini. Ukasema utalikata kwa kalamu nyekundu. Na wakibisha, unayo ile barua yangu, bado unayo baada ya miaka thelathini na minane, kwenye bahasha ya vyeti vyako. Utaisoma mbele yao wote, neno kwa neno, wasikie mwalimu wa kemia alisema nini kuhusu mtunza stoo aliyeua raba za fainali. Ulinishika mkono ukasema, “Kaka, barua yako ndiyo mwamuzi wangu.”

Nilifumba macho. Ulidhani nimesinzia. Sikuwa nimesinzia.

Naomba nikurudishe nyuma kidogo. Mengi ya haya unayajua kuliko mimi, lakini nayahitaji yakae kwa mpangilio, kama mtu anayepanga chupa kabla ya jaribio.

Unakumbuka Makopo alivyopata jina lake. Stoo ya klabu ilikuwa chumba cha hatua nne kwa tatu, na yeye aliipanga kama duka la dawa. Kila mchezaji wa timu ya kwanza alikuwa na kopo lake la biskuti, ndani limetandikwa kitambaa kizito, nje limebandikwa utepe wenye jina na tarehe. Mchezo ukiisha hakumruhusu mtu kuondoka na raketi. Alifuta raba kwa sponji yenye maji kidogo, maji matupu, akaiacha ikauke kivulini, akaifunika kwa nailoni akianzia katikati kwenda pembeni ili isibaki hewa hata tone. Raba mpya ambazo hazijagundishwa alizilaza bapa, kamwe hakuweka kitu juu yake. Alisema raba inalala, na ukiilalisha vibaya inaamka mgonjwa. Alitukataza kuweka kopo karibu na dirisha, karibu na jiko, karibu na ukuta unaopigwa na jua la mchana. Siku alipokuja nyumbani kukuposa, Mama alimtazama weee, halafu akakuambia mbele yake kwamba mwanaume huyu atakutunza vizuri, lakini ujiandae kufunikwa nailoni na kulala ndani ya kopo. Makopo aliona haya hadi masikio. Wewe ulicheka ukakwama.

Hiyo ilikuwa kabla Mama hajapooza upande wa kulia.

Mwaka uliofuata ulifika fainali. Mshindi alikuwa anakwenda kufundishwa nje kwa miaka miwili, na hakuna aliyekuwa na shaka kwamba ni wewe. Mpira wako wa kuanzia, ule wa mkono wa kushoto uliojikunja ukapinda nyuma ya wavu, hakuna aliyeuweza. Zikaletwa raba mbili mpya za aina uliyoizoea, nyekundu na nyeusi, zikawekwa kwenye kopo hadi siku yenyewe. Wewe ulikuwa kambini na timu wiki nzima. Asubuhi ya fainali Makopo alizigundisha kwenye ubao wa raketi, nailoni ikiwa juu, kwa sababu ulikuwa na sharti lako: uso wa raba mpya haufunuliwi hadi wewe mwenyewe usimame mezani. Hakuna wa kuugusa, hakuna wa kuujaribu kwa mpira, hata yeye. Tulikutania kwamba unaivalisha shela kama bibi harusi.

Ulibandua nailoni mbele ya mwamuzi. Ukapiga mipira ya kupasha mwili, ukageuka ukamtazama Makopo. Mimi nilikuwa mstari wa pili, nilikuona. Ulimwambia mpira unateleza. Akakujibu kwamba raba mpya huwa hivyo, ichezee kidogo itafunguka. Haikufunguka. Mwamuzi alikuwa ameshaikagua raketi, na sheria hairuhusu kubadilisha katikati ya mchezo kama haijavunjika. Mpira wako uliojikunja ukanyooka kama rula, yule binti wa upande wa pili akawa anaupokea akitabasamu. Uliing’ang’ania seti ya kwanza kwa miguu na hasira. Ya pili ukapoteza. Ya tatu, ishirini na moja kwa kumi na saba. Uliweka raketi mezani taratibu, na utaratibu ule ulinitisha kuliko kama ungeivunja.

Yaliyofuata unayajua. Pete uliirudisha wiki ileile. Ulisema huwezi kuolewa na mtu aliyekuambia itafunguka. Kamati ikamwita, ikamuuliza kopo lilikaa wapi wiki nzima. Akajibu lilikuwa chini ya uangalizi wake, kama siku zote. Ukaniomba mimi, mwenye elimu ya vitu hivyo, niwaandikie kama joto linaweza kuua raba. Nikaandika. Nilieleza jinsi joto linavyoikausha raba na kuifanya ngumu, jinsi uso wake unavyopoteza mshiko bila kubadilika rangi, na nikamalizia kwamba mtunzaji mwenye uzoefu alipaswa kujua hatari ya stoo yenye paa la bati. Nikatia sahihi na cheo changu. Wakamfukuza. Akaenda kufungua kibanda cha kuziba pancha za baiskeli, na wewe ukawa unazunguka barabara nzima ya pili usipite mbele yake.

Kila neno la sayansi katika barua ile lilikuwa kweli. Nililijua kwa uhakika kwa sababu nilikuwa nimelifanya jaribio mwenyewe.

Nimeiacha kalamu kidogo. Muuguzi amenipima, amenikemea, ameondoka.

Shoto, kopo lako halikukaa stoo. Wiki ile bati la paa la stoo lilikuwa limeng’olewa libadilishwe, na jua lilikuwa linaingia moja kwa moja. Jumatano Makopo alilileta nyumbani amelikumbatia, akaniomba tulihifadhi chini ya kitanda cha Mama, kwenye sakafu ya saruji, mahali penye baridi kuliko pote alipopajua. Kutoa kifaa nje ya klabu ilikuwa kosa kwao, lakini aliona heri kosa hilo. Alipiga magoti akalisukuma hadi ukutani, akamwambia Mama, “Mama, nakuachia mkweo mdogo.” Mama alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Mimi akaniambia, “Shemeji, nikilala leo nitalala kwa sababu yako.”

Alhamisi nilizitoa zile raba mbili, nikazitia kwenye mkoba katikati ya madaftari ya wanafunzi, nikaenda nazo shuleni. Maabara ilikuwa na oveni ya kukaushia mirija. Nilibandua nailoni, nikazilaza kwenye rafu ya waya, upande wa sponji, ule unaogundishwa, ukiwa chini, uso juu. Nikaweka digrii themanini. Nikaingia darasani kufundisha. Mchana nikazitazama, jioni nikazifungia mlemle, na Ijumaa nikaziacha tena hadi kengele ya mwisho. Kingo zilikuwa zimejikunja kidogo, nikazinyoosha chini ya kitabu cha logi. Nikarudisha nailoni nikianzia katikati kwenda pembeni, kama alivyotufundisha. Nilipokuwa nalisukuma kopo chini ya kitanda, Mama, ambaye nilidhani amelala, akaniuliza kwa ule ulimi wake mzito lilikuwa limekwenda wapi. Nikamwambia nililifuta vumbi. Hakuuliza tena, wala hakuniondolea macho.

Sikupitiwa, wala sikuteleza. Nilikuwa na siku mbili za kuahirisha na sikuahirisha.

Utauliza kwa nini. Baba alipofariki nilikuwa na barua ya chuo mfukoni, ya kwenda mbali, na niliichana kwa sababu wewe ulikuwa mdogo na Mama alikuwa peke yake. Hakuna aliyenilazimisha, na hakuna aliyeniambia ahsante, kwa kuwa sikumwonyesha mtu. Sasa zamu ya kuondoka ikawa yako, Mama akiwa hawezi kujigeuza kitandani, na watu wote wakinipongeza kwa kuwa na dada kama wewe. Nilijiona nimebaki kwenye nyumba ile nikimgeuza Mama kila baada ya saa nne hadi niwe na mvi. Niliogopa. Nilikuonea wivu pia, acha niandike neno lenyewe. Nilijiambia utashindwa mara moja tu, utabaki mwaka mmoja tu, mwakani utakwenda. Hukushika raketi tena kwa miaka kumi na miwili. Ulimuuguza Mama sita kati ya hiyo, na kila siku ya miaka hiyo uliniita kaka mwema.

Na Makopo hakunitaja. Mbele ya kamati, mimi nimekaa hapo karibu ya mlango, angeweza kusema kopo lilikuwa kwa Mwalimu. Alinitazama mara moja, akasema lilikuwa chini ya uangalizi wake. Nilijiaminisha kwamba aliogopa kukiri ametoa kifaa nje. Nimeishi ndani ya maelezo hayo kwa raha zangu zote.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike leo.

Tangu nilazwe hapa miezi mitatu iliyopita, kuna mtu anakuja kila Jumanne na Ijumaa kuninyoa ndevu na kunikata kucha. Ulishanisifia wauguzi wa hapa kwa usafi wangu, nikanyamaza. Ni Makopo. Alisikia dukani kwamba naumwa, akaja na beseni lake. Ananiita Mwalimu, lile neno shemeji aliliacha siku ulipomrudishia pete. Nilimwomba asije Jumapili, akanielewa kabla sijamaliza.

Juzi Jumanne, siku mbili baada ya wewe kunitajia kalamu nyekundu, nilimwacha apake povu, na wembe ulipofika chini ya kidevu nikaanza kusema. Sijui kwa nini nilichagua wakati huo. Labda nilitaka awe na uwezo wa kufanya atakalo. Nilisema oveni, digrii themanini, rafu ya waya, kitabu cha logi. Mkono wake haukusimama. Aliniambia ninyamaze, nitakatwa. Akamaliza upande wa kushoto, akamaliza wa kulia, akanifuta kwa taulo la uvuguvugu, akasuuza wembe. Ndipo akasema, “Najua, shemeji.”

Jana alikuja siku isiyo yake, na kopo. Lilelile, utepe wenye jina lako umegeuka rangi ya chai. Akafungua juu ya kitanda changu. Raba zako zimo, Shoto, alizibandua kwenye ubao usiku ule wa fainali apate kujua alikosea wapi. Akazigeuza. Kwenye sponji, upande unaogusa ubao, kuna mistari, miraba midogo midogo, imezama kama alama ya kitanda cha kamba kwenye shavu la mtu. Asubuhi ya kugundisha aliiona, akadhani ni ya kiwandani. Usiku ule alizilinganisha na ile jozi uliyofanyia mazoezi, haikuwa nayo. Kisha akakumbuka rafu ile. Yeye ndiye alikuwa anakuja maabara kuniomba maji safi ya kufutia raba zenu; alikuwa ameiona mara ishirini.

Kwa hiyo alipokuwa amesimama mbele ya kamati na barua yangu inasomwa, ushahidi ulikuwa kwenye mfuko wake wa koti.

Nilimuuliza kwa nini. Alinikata kwanza kucha za mkono mzima. Akasema wewe ulikuwa umeshapoteza kombe, na safari, na yeye mwenyewe. Ukipoteza na kaka, utabaki na nani kwenye nyumba yenye mgonjwa? Akasema pia, na hapa alicheka kidogo, kwamba alijua nitasema mwenyewe. “Nilikupa wiki. Nikakupa mwezi. Halafu nikaona niendelee kuziba pancha huku nakusubiri.”

Nilimwomba alete kopo lile kwako. Alikataa, akaniambia niyaache yalale. Nikamweleza kuhusu kikao cha Jumamosi na ile barua. Jina lake kukatwa halikumshtua. Alichouliza ni kama kweli utaisoma kwa sauti, mbele ya vijana. Nikasema ndiyo. Akafikiri, akasema kama ni hivyo atakuja, kwa sababu siku moja kweli ingekuja kujulikana na wewe ungekuwa umeisimamia ile barua mbele za watu. Ila ana sharti lake naye: akae nje, na usipomtaka ataliacha kopo kwenye benchi aende zake. Hajaisoma barua hii.

Sikuombi unisamehe kabla ya kesho saa tatu. Usije mbio hospitali kwa goti hilo. Sikuombi umrudishe mtu mahali popote moyoni mwako. Marehemu shemeji yangu, baba wa binti yako, alikuwa mume mwema na ulimpenda, nami najua. Ninachoomba ni kimoja. Keshokutwa ukisimama na barua ya mwalimu wa kemia mkononi, iwe hii. Ile ya zamani ichane. Watajua ni mwandiko wangu, ndiyo maana sikumpa muuguzi kalamu.

Nisalimie binti yako, mwambie mjomba anamwachia ile saa ya ukutani, ataijaza kila Jumatatu na asizidishe. Wasalimie wanakamati wote wanaonikumbuka, hata wale ambao baada ya Jumamosi hawatapenda kunikumbuka. Daktari akifanikiwa nitakusubiri hapa, umekuja kunitukana au umekuja kukaa, vyote nitavipokea. Asipofanikiwa, nizikeni karibu na Mama. Nina jambo la kumjibu.

Basi. Sasa unaweza kuchungulia. Ni yule mzee mwenye kofia, na kopo amelificha ndani ya koti lake, kwa sababu benchi lile halina kivuli.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu